Mito Iliyovuka Mipaka: Historia ya Maji ya Katavi na Mishamo

Mvua inayonyesha Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, hufuata njia mbili. Ile ya kaskazini na magharibi, ikiwamo ya tarafa ya Mishamo, hushuka katika bonde la Ziwa Tanganyika, na kwa kupitia Mto Lukuga na Mto Kongo hufika Bahari ya Atlantiki. Ile ya kusini hukusanywa na Mto Katuma, unaopita jirani na Mpanda, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukatanda katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha ukaendelea kwa jina la Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Leo mito hii inazungumzwa kwa lugha ya dharura: mabanio yanabomolewa, vigingi vinachimbiwa kandokando ya kingo, miche inapandwa kwenye vyanzo. Ili kuelewa ni nini hasa kinachorejeshwa, yafaa kufuata zama zilizoufikisha mto hapa ulipo, kwa kuwa hakuna zama moja iliyouharibu peke yake. Kila utawala ulichora mpaka wake juu ya ardhi hii, kwa sababu iliyoonekana njema wakati ule, na karibu kila mpaka uliukata mto vipande na kuwapa watu tofauti kila kipande.

Kabla ya karne ya 19, nchi hii ilikuwa ya miombo na mbuga. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na baada ya hapo hufuata miezi sita ya ukavu. Kilichowavusha viumbe katika miezi hiyo ni mbuga zenyewe, yaani mabonde tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi yaliyokaa chini ya vilima. Mbuga hunywa maji ya masika kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Misitu ya vilimani nayo huzuia udongo usiteremke na huyapa maji nafasi ya kuzama. Kwa mpangilio huo Katuma iliweza kutiririka Septemba ilhali tone la mwisho la mvua lilianguka Aprili. Mto wa namna hii hautegemei chemchemi moja inayoweza kuzungushiwa uzio na kulindwa. Unategemea eneo lake lote la juu, kila kilima na kila bonde.

Watu walikuwapo, tena kwa vizazi vingi: Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Watongwe, na Wafipa upande wa kusini. Walilima kwa kufyeka na kuhama, wakaacha shamba lililochoka lirudi kuwa pori. Waliwinda, wakavua, wakarina asali. Mbung'o waliojaa miomboni hawakuruhusu ng'ombe wengi, na idadi ya watu ilikuwa ndogo ukilinganisha na ardhi. Maji yalikuwa na heshima ya kidini: kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambapo wenyeji walipeleka sadaka kwa Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye hadi leo ziwa na mkoa vinabeba jina lake. Haitakuwa sahihi kudai kwamba watu hao hawakuigusa mito. Waliigusa, lakini kwa uchache wao na kwa kuhama kwao waliipa muda wa kupona.

Karne ya 19 ilileta misafara. Njia kuu ya kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, ambako wapelelezi Burton na Speke walifika Februari 1858, ilipita kaskazini ya nchi hii, na matawi yake yakaingia kusini kutafuta pembe na watumwa. Vita vya Mirambo, mtawala wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, vilitikisa eneo zima la magharibi. Mwaka 1879 Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kilianzisha kituo Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1880 mpelelezi Joseph Thomson alilitazama Ziwa Rukwa na kulipachika jina la mfalme huyo huyo, jina ambalo halikudumu. Katika zama hizi wageni waliyaona maji ya Katavi kama vituo vya njiani au kama madoa ya kujaza kwenye ramani. Wenyeji, kwa upande wao, walisongamana ndani ya maboma ya miti kwa kuhofia uvamizi, na sehemu kubwa za nchi zikabaki bila wakulima.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ikapita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe na wanyamapori kwa wingi, ikifuatwa na njaa na ndui. Palipopungua watu na mifugo, vichaka vilirudi, na vichaka viliporudi mbung'o walienea zaidi. Watawala waliokuja baadaye walilikuta pori hilo na kulidhani kuwa ni nyika ya asili isiyowahi kuwa na mwenyewe. Dhana hiyo, kwamba nchi ni tupu, ilikuja kuwa msingi wa maamuzi ya karne nzima iliyofuata.

Wajerumani waliitawala sehemu hii kutokea Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1911 walitenga eneo la Katavi kuwa hifadhi ya wanyama. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana. Kwa mara ya kwanza tambarare za mafuriko za Katuma, penye viboko, mamba na makundi ya nyati, zilikuwa na mlinzi kisheria. Hata hivyo mpaka ulichorwa kwa kufuata walipoonekana wanyama. Vilima vya kaskazini na magharibi mwa hifadhi, ambako maji ya wanyama hao yalitoka, vilibaki nje. Ilikuwa ni kulinda mdomo wa mtungi huku mkono wa anayeujaza ukiachwa huru, na mpangilio huo haujabadilika kimsingi hata leo.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliiendeleza hifadhi hiyo kwa jina la Katavi na Rukwa, lakini hofu yao kubwa ilikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 maofisa wa tiba, akiwamo George Maclean aliyesimamia kampeni ya malale Tanganyika, waliwahamisha maelfu ya watu wa magharibi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka. Kitabibu sera hiyo iliokoa maisha. Kijiografia ilimaanisha mambo mawili: nyika kubwa zikabaki bila watu, na watu waliokusanywa wakaanza kulima na kukata kuni mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Kilimo cha kuhama, kilichokuwa kimeipa ardhi pumziko, kikakatazwa kwa jina la afya.

Wakati huo huo ardhi oevu ilihesabiwa kuwa adui wa namna nyingine. Mnamo 1930 nzige wekundu walitoka katika maeneo ya kuzaliana, Bonde la Rukwa likiwa mojawapo, wakaenea kusini na mashariki mwa Afrika kwa zaidi ya muongo mmoja. Nyasi za tambarare zinazofurika na kukauka ndizo walizozipenda. Mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia. Kwa watawala wa wakati huo, bonde lililofurika lilikuwa mahali pa kuzalisha wadudu. Hapakuwa na ofisi iliyoliona kuwa hazina ya maji.

Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilileta uchumi mpya. Madini ya risasi, yaliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu, yalikuwa yamegunduliwa Mukwamba karibu na Mpanda katika miaka ya 1930. Ili kuyatoa, tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na Mpanda, mji uliozaliwa na mgodi, ukabaki pia, katikati ya eneo la maji ya Katuma. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya maji, ikafuatiwa na nyingine mwaka 1959; zote zilijali zaidi haki ya mwenye shamba kubwa au kampuni ya kuchukua maji kuliko haki ya mto kubaki na kitu.

Uhuru ulirithi ramani hiyo na kuijaza watu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwakusanya wananchi katika vijiji vya ujamaa kando ya barabara, kwa mtindo uliokumbusha makazi ya malale ingawa dhamira yake ilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1974 Katavi ikatangazwa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo Sheria Namba 42 ya matumizi ya maji ikatamka kwamba maji yote ni mali ya umma, na marekebisho ya mwaka 1981 yakafungua njia ya kuigawa nchi katika mabonde tisa, likiwamo la Rukwa na la Tanganyika. Lilikuwa wazo la kimapinduzi: kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwamba mto una mipaka yake yenyewe, tofauti na ya wilaya. Lakini ofisi za mabonde hayo zilichelewa kuundwa, zikachelewa zaidi kupata watumishi na magari.

Katika zama hizo hizo ndipo Mishamo ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa sababu ya maji. Mauaji ya Burundi yaliyoanza mwishoni mwa Aprili 1972 yaliwakimbiza maelfu ya Wahutu kuvuka mpaka. Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi: Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba wilayani Mpanda mwaka 1973. Baada ya miaka michache ilibainika kwamba maji na udongo wa Ulyankulu havikuweza kuubeba umati uliowekwa pale. Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kilutheri la TCRS, ikatafuta makazi ya tatu. Mwaka 1978 ikafunguliwa Mishamo, eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,050 za miombo yenye mbung'o, na wengi wa waliotoka Ulyankulu wakahamishiwa huko.

Vijiji 16 vilipimwa, barabara zikakatwa, visima vikachimbwa, kila kaya ikagawiwa shamba. Wakimbizi wakafyeka pori kwa mikono na katika muda mfupi wakaligeuza kuwa ghala la mahindi, maharage na mihogo. Tumbaku na kahawa zikafuata. Mwaka 1985 mashirika yakakabidhi makazi kwa serikali, kwa kuwa yalikuwa yanajitegemea kwa chakula. Kwa kipimo cha huduma kwa wakimbizi, Mishamo ilikuwa fahari ya dunia. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake huko katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu wanaoshika sana historia yao na kujiona taifa lililo uhamishoni. Hilo lina uzito katika habari ya mito pia. Ardhi hawakuimiliki, walikaa ndani ya mpaka waliochorewa, wakitoka kwa kibali. Sheria na mazingira vyote viliwafundisha kwamba pale ni pa kupita. Nani angetarajiwa kupanda mkuyu kwenye chanzo cha maji atakaoufaidi mjukuu, ilhali hajui kama mjukuu huyo atakuwapo?

Tumbaku ilizidisha mzigo. Jani hilo hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na moto unadai kuni nyingi kila msimu. Katika Mpanda yote, vijijini kwa wenyeji na katika makazi ya Katumba na Mishamo, miombo ilirudi nyuma kutoka barabarani kwenda vilimani. Hasara yake haikuonekana mara moja. Msitu ukiondolewa, mvua hukimbia juu ya udongo badala ya kuzama, na kwa miaka ya kwanza mto huonekana hata kuwa na maji mengi zaidi masika. Ni kiangazi kinachosema kweli: mafuriko mafupi yenye matope, kisha mkondo unaokatika mapema.

Kuanzia miaka ya 1980 mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kuja kwa Wasukuma na makundi yao ya ng'ombe kutoka kaskazini, wakisukumwa na uhaba wa malisho na kuvutwa na mbuga pana za Rukwa. Walileta plau ya kukokotwa na maksai na ustadi wa kulima mpunga katika majaruba. La pili ni mageuzi ya uchumi. Soko la mazao lilipofunguliwa, mchele wa Mpanda ukapata wanunuzi wa mbali, na reli iliyojengwa kwa ajili ya risasi ikabeba magunia. Mbuga za Kakese na Mwamkulu, pembezoni mwa Katuma, ziligeuka kuwa mashamba. Wakulima wakajenga mabanio kwa magogo, mifuko ya mchanga na udongo, wakakata mifereji kuelekea majarubani. Kila banio peke yake ni kazi ya busara ya mkulima anayetaka kulisha watoto wake. Yakifuatana kadhaa katika mto mmoja, wa mwisho hupata matope.

Ipo pia hasara isiyopimwa kwa lita. Jaruba hutandaza maji juani, nayo hupotea hewani. Mfereji wa udongo huvujisha kabla ya kufika shambani. Na mashamba mengi hayana njia ya kurudisha maji ya ziada mtoni. Kwato za ng'ombe wanaoshuka kunywa hubomoa kingo, na mto uliobomoka kingo huchimba kitako chake. Unapozama chini ya usawa wa mbuga, huacha kuifurikia. Badala yake huikamua kama mtaro. Kwa hiyo hata maji yakiachiwa yote, mbuga iliyokwisha kukamuliwa haijai tena kwa urahisi. Anayefikiri urejeshaji ni kubomoa banio tu hana budi kuizingatia hatua hii.

Dalili zilionekana ndani ya hifadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hifadhi ya Katavi ilipanuliwa hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, ikawa miongoni mwa kubwa nchini. Upanuzi huo uliongeza ardhi bila kuongeza maji. Kuanzia muongo huo Katuma ilianza kukatika kiangazi, na maziwa Katavi na Chada yakawa tambarare za vumbi kwa miezi. Viboko, ambao Katavi inajulikana kwao kuliko karibu hifadhi yoyote, walisongamana kwa mamia katika madimbwi machache ya Ikuu na Sitalike, na mamba wakajificha katika mapango ya kingo. Watalii walipiga picha msongamano huo kama maajabu ya asili. Mwaka 2010 wanasayansi Manase Elisa, J. Gara na Eric Wolanski walichapisha tathmini iliyohusisha mgogoro huo na uchepushaji wa maji kwa kilimo nje ya hifadhi. Mpaka wa mwaka 1911 ulikuwa umefikia hitimisho lake: ng'ambo ya kigingi mlinzi hana amri, na maji yote yanatoka ng'ambo ya kigingi.

Katavi haikuwa peke yake. Kusini, Mto Ruaha Mkuu, unaolishwa na ardhi oevu ya Usangu na kuendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba mto huo ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika hifadhi ya taifa. Pamoja na hayo, mwaka 2022 Ruaha Mkuu ulikauka tena kwa zaidi ya miezi minne. Waliondolewa wenye ng'ombe katikati ya bonde, lakini mifereji ya mpunga iliyo juu yake iliendelea kunywa. Na wafugaji hawakutoweka: walitafuta mabonde mengine, yakiwamo ya Rukwa. Somo la Usangu ni zito kwa Katavi. Kumhamisha mtu bila kugawa upya maji huhamisha tatizo, na mara nyingine hulihamishia kwa jirani.

Miaka ya 2000 ilileta zana mpya za kisheria. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mazingira katika orodha ya watumiaji wanaostahili mgawo. Sheria ya Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004 ilizuia shughuli za kudumu zinazohatarisha maji ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 ikazipa nguvu bodi za mabonde na kuzitambua jumuiya za watumia maji. Mwaka 2000 Tanzania ilikuwa imeorodhesha Malagarasi-Muyovozi, kaskazini ya Mishamo, kuwa ardhi oevu yake ya kwanza yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ardhi iliyohesabiwa kitalu cha nzige na mbung'o katika miaka ya 1930 sasa ilikuwa na hati ya heshima.

Mishamo nayo ilibadilika hadhi. Mwaka 2007 Tanzania na Burundi, pamoja na Umoja wa Mataifa, ziliamua kuyafunga makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972: anayetaka arudi kwao, anayetaka aombe uraia. Wengi waliomba uraia. Mwanzoni mpango uliwataka raia wapya watawanywe katika mikoa mingine, na kwa miaka kadhaa watu wakaishi wakisubiri amri ya kuhama ambayo haikuja. Oktoba 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi yote matatu, wakaruhusiwa kubaki walipo. Mwaka 2012 Katavi ilikuwa imeshamegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa. Hivyo katika muda wa miaka miwili au mitatu, eneo hili lilipata mkoa wake na raia wake. Mkulima wa Mishamo, aliyekuwa akisimamiwa kama mkimbizi, sasa angeweza kuchaguliwa katika serikali ya kijiji, kuidhinisha mpango wa matumizi ya ardhi na kuwajibishwa kwa chanzo cha maji. Kwa mto, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mradi wowote wa miche.

Kazi ya urejeshaji iliyoonekana katika miaka ya 2010 na inayoendelea sasa ina sura tatu. Ya kwanza ni ya amri: viongozi wa mkoa, ofisi ya bonde na hifadhi waliagiza mabanio yasiyo na kibali kwenye Katuma yabomolewe na maeneo ya mita 60 yawekewe vigingi. Amri ina faida ya haraka, kwa kuwa maji hushuka mara banio linapofunguka. Udhaifu wake ni kwamba mifuko ya mchanga hurudishwa usiku mmoja. Ya pili ni ya ujenzi: banio la saruji lenye lango linaloweza kupimwa na kufungwa, mfereji uliosakafiwa, na lambo la mifugo lililochimbwa mbali na ukingo. Hii ni ghali, lakini humpa mkulima sababu ya kutii, maana maji yake anayajua yatafika lini na kiasi gani.

Sura ya tatu iko juu vilimani. Katika safu ya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vimeweka misitu yao chini ya hifadhi ya vijiji na kuuza hewa ya ukaa kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania; fedha hulipia madarasa, zahanati na doria za misitu. Kijiji cha Katuma ni miongoni mwao. Hapa, pengine kwa mara ya kwanza tangu 1911, anayekaa penye chanzo analipwa kwa kukilinda. Mpango kama huu una maswali yake: bei ya hewa ya ukaa hupangwa mbali, na mkataba wa miaka mingi hufunga mikono ya vizazi vijavyo. Lakini umegusa kiini cha jambo ambacho kanuni ya mita 60 haikukigusa, kwamba mto hutengenezwa na eneo lote la juu.

Mifano ya mbali inatia moyo na kuonya. Nchini Cameroon, Bwawa la Maga lililojengwa mwaka 1979 kwa ajili ya mpunga liliikausha tambarare ya Logone. Mwaka 1994 tuta lilifunguliwa kwa majaribio, na nyasi, samaki na ndege wakarudi upesi kuliko ilivyodhaniwa. Florida, Marekani, Mto Kissimmee ulionyooshwa kuwa mfereji kati ya 1962 na 1971 ulianza kurudishwa katika mapindo yake mwaka 1999, na kazi ikakamilika mwaka 2021. Kuuharibu kulichukua miaka tisa. Kuutengeneza, tena sehemu yake tu, kulichukua zaidi ya ishirini, kwa nchi tajiri. Tambarare ya mafuriko iliyonyimwa maji tu hupona haraka. Iliyobadilishwa umbo lake huhitaji kizazi kizima. Katuma ina majeraha ya aina zote mbili.

Hali ya sasa, basi, ni matokeo ya zama zote hizo. Hifadhi iko mahali ilipo kwa sababu ya Wajerumani na wanyama. Mpanda iko mahali ilipo kwa sababu ya Waingereza na risasi. Mishamo iko mahali ilipo kwa sababu Ulyankulu iliishiwa maji. Mpunga uko mahali ulipo kwa sababu soko lilifunguka na mbuga zilikuwa tayari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuondolewa leo ili mto urudi kuwa wa kabla ya misafara, na Usangu imeonyesha gharama ya kujaribu. Kinachowezekana ni mgawo: kukubaliana, bonde zima kwa pamoja, ni kiasi gani cha maji ya kiangazi hakiguswi na yeyote, kisha mpunga, mji, ng'ombe na bustani vigawane kinachobaki. Sheria ya mwaka 2009 inaruhusu hilo, jumuiya za watumia maji zipo kwa ajili hiyo, na wakazi wa Mishamo sasa ni raia wanaoweza kukaa mezani. Kipimo cha mafanikio hakitakuwa idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe wala mabanio yaliyobomolewa mbele ya waandishi. Kitakuwa kina cha maji pale Sitalike mwezi Oktoba, mwaka wa mvua haba, kikilinganishwa na kina cha mwaka uliotangulia, na daftari la kipimo hicho likiwa wazi kwa mkulima wa Kakese na kwa askari wa hifadhi vilevile.